Puerto Rico iwe jimbo la 51 la Marekani? Nisaidieni hoja za kupinga

DagaaMwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, siasa za Marekani nazisikia redioni tu. Ila binti yangu yuko kidato cha tano na wamepewa mdahalo: Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, ikubaliwe kuwa jimbo kamili au la? Kapangiwa upande wa kupinga, na mimi babake nimeshindwa kumpa hata hoja moja.

Kisiwa kilichukuliwa kutoka Hispania mwaka 1898. Mwaka 1917 watu wake wakapewa uraia. Hadi leo, watu zaidi ya milioni 3, hawamchagui rais, na mwakilishi wao kule Washington anaruhusiwa kuongea lakini muswada ukifika kura ya mwisho anakaa kimya. Kinachonichanganya: raia huyohuyo akihamia Florida anapiga kura ya rais, akirudi San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kumuuguza mama yake haki imekwisha. Nina wateja wangu Ukerewe. Awe Nansio au awe mjini hapa, rais anayemchagua ni yuleyule na mbunge anaye. Sasa kisiwa cha wenzetu kina kosa gani?

Wakili_CapriPoint:
Mkuu, aanze na fedha. Mkazi wa Puerto Rico halipi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kipato anachopata kisiwani, ingawa makato ya hifadhi ya jamii yanamhusu. Wakiwa jimbo, nafuu hiyo inaondoka.

Halafu aulize: wenyewe wanataka? Kura ya maoni ya 2017 ilitoa 97% kwa upande wa jimbo, kelele nyingi, kumbe waliojitokeza hawakufika robo kwa sababu wapinzani walisusia. Mwaka 2020 walioitikia ndiyo walikuwa 52% na kidogo. Kuna wanaotaka uhuru kamili pia, nao si wa kubezwa. Na kura zote hizo hazimfungi mtu, maana kwa katiba yao anayeingiza jimbo jipya ni Bunge la Marekani.

Jiwe_la_Bismarck:
Wakili umezunguka mbuyu. Shida ni maseneta! Kila jimbo linapata 2, liwe kubwa au dogo. Eneo la Dakota liliingizwa mwaka 1889 likiwa limekatwa majimbo mawili, maseneta wakawa 4. Leo Warepublican wanaogopa kisiwa kitawapa Wademokrati viti vya bure. Lakini mwaka 1959, Alaska na Hawaii zilipofanywa majimbo, walikadiria Alaska itakuwa ya Wademokrati na Hawaii ya Warepublican. Angalia leo, imekuwa kinyume kabisa. Na gavana aliyechaguliwa Puerto Rico 2024, Jenniffer González-Colón, ni Mrepublican. Wanaogopa kivuli.

Msukuma_wa_Geita:
Sisi Geita tulifanywa mkoa 2012, hakuna aliyetuuliza na maisha yanaenda 😂

Bi_Forodhani:
Kaka wa Geita, mkoa haukukupa kura wala haukukunyang'anya, usichanganye mambo.

Mimi nimeolewa hapa Mwanza, kwetu Unguja. Muungano wa 1964 walitia saini viongozi wawili, wananchi hatukupigishwa kura ya maoni, na manung'uniko yake tunayo mpaka kesho. Ila Mzanzibari ana rais wake, ana Baraza lake la Wawakilishi, na rais wa Jamhuri ya Muungano anamchagua vilevile. Puerto Rico wana katiba yao tangu 1952 na gavana wao, ila hiyo kura ya rais wa nchi nzima ndiyo wamekosa. Mwambie mtoto aseme hivi: wapewe kura ya rais bila kuwa jimbo. Atakuwa amepinga hoja na hajamdhulumu mtu.

DagaaMwaloni:
Dada Forodhani, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nimeona pia kwamba Washington D.C., mji mkuu wao, wenyewe wamepata njia hiyo tangu 1961, wana kura 3 za wajumbe wanaomchagua rais na si jimbo. Ilibidi katiba irekebishwe, kwa hiyo ajiandae kuulizwa hilo.

Wakili, ya kodi sikubali. Hao wa D.C. wanalipa kodi zote, ni wengi kuliko watu wa jimbo la Wyoming, na seneta hawana hata mmoja. Asiyelipa kanyimwa, anayelipa kanyimwa. Sasa kodi inahusikaje?

Binti alikuwa na hoja nyingine, kwamba wale wanaongea Kihispania. Nimemwambia aitupe. New Mexico iliingia kuwa jimbo mwaka 1912 ikiwa na wasemaji wengi wa Kihispania, mpinzani akiitaja hiyo amekwisha.

Mdahalo ni Ijumaa. Anayeijua habari ya Guam na Samoa ya Marekani, visiwa vingine vilivyo chini ya Marekani, atupie hapa, maana nasikia wa Samoa hata uraia kamili hawazaliwi nao.

Wakili_CapriPoint:
Ni kweli, Samoa wanazaliwa chini ya himaya ya Marekani bila uraia. Na baadhi ya viongozi wao hawautaki, wakihofia ardhi yao ya ukoo itachezewa na mahakama za bara. Hiyo nayo ni hoja ya kupinga, mpe.