Subaru yangu inalipua kwenye ekzosi, naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Nina Impreza ya turbo, injini EJ205, gia za mkono. Nilitoa masega (yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi), nikaweka bomba pana hadi nyuma, pamoja na ile valvu inayotoa upepo wa turbo nje badala ya kuurudisha ndani. Tangu hapo, nikiachia mafuta kubadili gia, inalipua paa! Bodaboda wanageuka. Bampa la nyuma limejaa masizi na ulaji wa mafuta umepanda.

Fundi kabadili plagi, wapi. Sasa anataka pampu ya mafuta, naona anabahatisha. Sensa ya hewa iko kabla ya turbo, kwa hiyo upepo ukishapimwa halafu ukatupwa nje, kompyuta ya injini inamwaga mafuta kana kwamba upepo wote umeingia, yanaenda kuwakia kwenye ekzosi. Hapo naelewa.

Kinachonichanganya, mara nyingine inapiga hata nikiwa nimekanyaga, kuanzia mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika, na wakati huo valvu imefunga. Hiyo ni koili (inayopeleka umeme kwenye plagi), au nafasi ya cheche kwenye ncha ya plagi ni kubwa mno kwa presha ya turbo? Nirudishe valvu ya zamani kwanza, au nianze na kurekebisha programu ya kompyuta ya injini?