Karakana kwenye udongo wa mbuga: nichimbe kiasi gani kabla ya kumwaga jamvi?

Mchomelea Mageti, Shinyanga
Habari wakuu. Nachomelea mageti na madirisha, mwaka wa 11 sasa niko kwenye fremu ya kupanga. Nimepata kiwanja changu, nataka karakana ya mita 6 kwa 9, ndani iingie mashine ya kukereza vyuma. Udongo ni wa mbuga, mweusi tii. Sasa hivi ni kiangazi, una nyufa naingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Fundi anasema tufyeke nyasi, tupange mawe, tumwage jamvi, yaani sakafu ya zege, la inchi 4. Jirani alifanya hivyohivyo; mvua za kwanza tu sakafu ilinyanyuka pembeni, mlango ukagoma kufunga. Hela ya kurudia sina. Nisaidieni.

Mzee wa Zege
Mwanangu, hapo usikubali. Mbuga ikinywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa. Mvua inaanza kulowesha pembeni, katikati kunabaki pakavu chini ya sakafu, ndiyo maana kwa jirani yako zimenyanyuka kingo.

Kwa jengo jepesi kama lako mimi huchimba sentimita 60, na natoka nje ya mstari wa ukuta nusu mita kila upande. Rudishia moramu, ule udongo wa changarawe. Usijaze mchanga hata ukipewa bure! Mchanga unapitisha maji, na mbuga haiyaachii, kwa hiyo shimo lako litakuwa beseni.

Moramu imwage tabaka la sentimita 15, mwagia maji kidogo, shindilia kwa mashine ya kukodi, ndipo ulete tabaka jingine. Maji nayapima hivi: fumba konzi moja ya moramu, ibane. Ukifumbua donge libaki zima, na kiganja kibaki na unyevu tu. Liangushe kutoka usawa wa kiuno: likipasuka vipande viwili vitatu, shindilia. Likisambaratika kama unga, ongeza maji. Likibandika chini kama ugali, anika kwanza.

Dada Mkadiriaji
Nakazia kwa Mzee. Kaka, piga hesabu ya moramu mapema: mita 7 kwa 10 kwa 0.6 ni mita za ujazo 42 ikiwa imeshindiliwa, kwa hiyo agiza kama 52. Jamvi lako liwe sentimita 15 kwa sababu ya mashine. Hiyo ni zege mita za ujazo 8.1, na kwa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) andaa mifuko 52 ya saruji. Juu ya moramu piga dawa ya mchwa, tandaza nailoni, maungio yapandiane sentimita 30. Wavu wa BRC, ule wa chuma wa kuimarisha zege, uinuliwe kwa vipande vya zege. Nimekuta mara nyingi mno umelala chini kwenye nailoni, na hapo haufanyi kazi yoyote.

Mchomelea Mageti, Shinyanga
Asanteni sana. Mzee, shimo likikutwa na mvua kabla sijajaza?

Mzee wa Zege
Tope lote litoke, lisifunikwe. Bora uchimbe na kujaza wiki hiyohiyo, kabla ya Novemba. Na maji ya bati yaende kwenye gata na mtaro, mbali na ukuta.

Mchomelea Mageti, Shinyanga
Nimeongea na fundi, amekubali. Jumatatu tunachimba. Mashine ya kushindilia nimeshalipia siku nne.