Nililipia Ukuta Mkuu wa China, nikaishia kununua bangili

Wakuu, nimerudi juzi na hasira bado ziko kooni. Wakala aliyenipiga anaendelea kutangaza safari ileile, bei ileile.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, nilikuwa Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton. Nikasema safari hii nisirudi na katoni tu, nikaone na mambo ya kale. Nikamlipa siku nne, Beijing na Xi'an, "kila kitu humohumo".

Jumatatu asubuhi tunashushwa kwenye kasri la wafalme, ule Mji Uliokatazwa. Limefungwa! Jumatatu huwa halifunguliwi, na tiketi zake hukatwa mapema kwa namba ya pasipoti. Yeye hakukata hata moja. Mfalme Yongle aliyelijenga ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Yaani twiga kapokelewa na mfalme, mimi nimeishia kupiga picha geti.

Tukageuza kwenda Ukuta Mkuu, upande wa Badaling. Njiani tukaingizwa duka la mawe ya jade, saa mbili nzima, muuzaji kakuganda kama kupe. Ukutani? Dakika hamsini, tumebanana kama daladala ya Mbagala jioni. Nilifika mnara wa pili, filimbi ikalia, turudi kwenye basi.

Xi'an ndiko kulikoniuma zaidi. Wale askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China, waliolala ardhini zaidi ya miaka 2,000 mpaka wakulima waliokuwa wakichimba kisima walipowagundua mwaka 1974. Kwenye shimo la kwanza ukisimama juu unaona safu kwa safu, na sura zao zinatofautiana. Kuna mpiga upinde mmoja kapiga goti ndani ya kioo; ukiinama nyuma yake unaona mpaka alama za uzi kwenye soli ya kiatu. Nimeinama hivyo, kiongozi ananivuta shati: duka la hariri linatusubiri!

Nimemwandikia wakala arudishe hata nusu. Kanijibu, "Si ulifika, kaka?"

Aliyewahi kudai pesa kwa watu wa namna hii anielekeze pa kuanzia. Na anayejipanga kwenda, mbane akuonyeshe tiketi za kasri kabla hujatoa hata senti.

Bangili yenyewe mama watoto kaijaribu, haipiti kiganja.