Lupu (kodi inayojirudia) ya JavaScript haisimami, brauza inaganda. Msaada wakuu

KijanaUyole:
Habari zenu wakuu. Naanza kujifunza JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti), niko Uyole hapa Mbeya, namtengenezea dada ukurasa wa kuhesabu viazi anavyopakia kwenye pikapu kupeleka soko la Mwanjelwa. Gunia ni kilo 100 yaani tani 0.1, gari ya tani moja, nataka iongeze gunia moja moja ikifika tani 1 isimame, ila haisimami, ukurasa unaganda hata batani hazibonyezeki na feni ya laptop inavuma balaa.

```
let tani = 0, gunia = 0;
while (tani != 1) {
  tani += 0.1;
  gunia++;
}
```

FundiIpogolo:
Dogo umesahau kuongeza namba ndani ya lupu, wanaoanza wengi wanakwama hapo.

KijanaUyole:
Hapana kaka, ipo, tani += 0.1.

DadaTukuyu:
Anaongeza vizuri tu. Shida ni 0.1 yenyewe, kompyuta inatunza namba kwa 0 na 1, na kwa mtindo huo 0.1 haiishi, kama 1 ukigawa kwa 3, kwa hiyo inakatwa. Mdogo wangu weka for (lupu ya kurudia idadi maalumu) ya mara 11 na console.log(tani), inayoandika thamani ya tani, ndani yake uone: ya 10 inatoka 0.9999999999999999, ya 11 inatoka 1.0999999999999999. Moja kamili imerukwa na we umeiambia isimame kwenye moja kamili tu. Batani zinagoma kwa sababu zinasubiri foleni moja na hiyo lupu. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc, itafunguka orodha ya kurasa zinazofanya kazi, chagua huo ukurasa, uzime.

FundiIpogolo:
Basi aweke tani < 1 yaishe.

DadaTukuyu:
Itasimama kaka, lakini kwenye gunia la 11! Hiyo 0.9999999999999999 bado ni ndogo kuliko 1, inaongeza lingine, gari inaandikiwa kilo 1,100 na dada yake anapigiwa hesabu ya uongo. Hesabu kwa kilo, namba nzima:

```
let kilo = 0, gunia = 0;
while (kilo + 100 <= 1000) {
  kilo += 100;
  gunia++;
}
```

KijanaUyole:
Imesimama, gunia 10! Asante sana dada.

FundiIpogolo:
Safi. Ila viazi vya huku lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) bado zipo, usimwandikie 100 ya kudumu, weka sehemu ya kujaza uzito wa mzani. Na kinachojazwa kinakuja kama maandishi, kipitishe kwenye Number() kwanza kiwe namba, la sivyo 0 + "120" inakupa "0120".