Naomba ushauri: maneno mawili yamenikwamisha kuhusu wanasayansi wanawake wa Italia

Habari zenu ndugu zangu. Naandaa mada ya dakika 20 kwa wasichana wa kidato cha nne, kuhusu wanawake wa Italia walioandika sayansi zamani.

Neno la kwanza linamhusu Camilla Erculiani wa Padova, mwanamke wa duka la dawa. Mwaka 1584 barua zake kuhusu maumbile zilichapishwa Kraków, Polandi. Nilipomwita "mfamasia", wanafunzi wawili niliowasomea walimwona kavaa koti jeupe. Nikajaribu "mganga", wakafikiria hirizi. Kumbe maduka yale dawa zilisagwa na kuchanganywa hapo hapo, kwa kinu na mizani.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka 1748 Maria Gaetana Agnesi wa Milano alitoa kitabu cha hesabu cha juzuu mbili. Mstari mmoja uliopinda aliuita versiera. Mtafsiri wa Kiingereza akalichanganya na neno jingine, akaandika "mchawi", na mpaka leo kwa Kiingereza unaitwa mchawi wa Agnesi. Mama wa watu kafanya hesabu, jina lake likabandikwa uchawi! Hapa Tanzania, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, siwezi kulitamka darasani hivi hivi.

Naombeni mnisaidie: Erculiani tumwite nani kwa Kiswahili? Na ule mstari niuache versiera tu, au niwasimulie lile kosa la tafsiri waziwazi? Mada ni Ijumaa.