Black Sabbath: anayenunua mkusanyiko mmoja tu achukue upi?

Nyuzi Sita
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe mikusanyiko miwili ya nyimbo za Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza. The Ultimate Collection wa mwaka 2016 una nyimbo 31 za enzi ya mwimbaji Ozzy Osbourne, na The Dio Years wa mwaka 2007 una nyimbo 16 za enzi ya Ronnie James Dio, aliyeshika nafasi ya uimbaji baada ya Ozzy kufukuzwa mwaka 1979. Mimi nauchagua huu wa pili, kwa kuwa ndio uliowarudisha wanamuziki studio.

Mzee wa Besi
Mgeni wa bendi hii hawezi kuanzia katikati. Ni lazima kwanza asikie wimbo wao uitwao Black Sabbath: mvua, kengele ya kanisa, kisha gitaa la Tony Iommi likiburuza noti tatu zinazotia hofu. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimsumbue. Ndiyo maana albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 ina uzito ule. Nasema 2016 bila kusita.

Binti wa Metali
Shikamoo, Mzee. Historia hiyo naiheshimu, lakini mkusanyiko wa 2016 hauna wimbo hata mmoja ambao shabiki wa zamani hakuwa nao. Ule wa 2007 una nyimbo tatu mpya, zilizorekodiwa na Dio, Iommi, Geezer Butler wa besi na Vinny Appice wa ngoma, watu walioachana mwaka 1992 pale Dio alipokataa kumtangulia Ozzy jukwaani huko California. Sikilizeni The Devil Cried: gitaa linakwenda taratibu, na sauti ya Dio haijachoka hata kidogo. Baada ya hapo walizunguka duniani kwa jina la Heaven & Hell, wakatoa albamu kamili mwaka 2009, na mwaka uliofuata Dio akafariki. Mkusanyiko huo ndio uliotupatia miaka hiyo mitatu.

Mzee wa Besi
Marahaba, binti. Kama kigezo ni kuungana tena, basi tusiisahau Reunion ya mwaka 1998, ya Ozzy na wenzake wa awali, iliyorekodiwa Birmingham mbele ya watu wa nyumbani kwao, Bill Ward akiwa kwenye ngoma, pamoja na nyimbo mbili mpya. Hata hivyo hiyo ni albamu ya jukwaani, na kwa mgeni naona bado 2016 unatangulia.

Nyuzi Sita
Hoja ya mgeni naikubali; kwa anayezijua tayari albamu za miaka ya sabini, msimamo wangu uko palepale. Dosari kubwa ya The Dio Years ni kwamba Children of the Sea imewekwa ile ya jukwaani, ilhali ya studio ya mwaka 1980, inayofunguliwa na gitaa la utulivu, ni bora zaidi. Mnunuzi aitafute pia albamu ya Heaven and Hell yenyewe.