Naomba ushauri: laptopu nyembamba itafaa kwa kazi zangu hapa Lamu?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kazi yangu ni kuhariri picha na video fupi za nyumba za wageni, leo Shela, kesho Manda, na safari zenyewe ni za boti. Kuna mtu ananiuzia MacBook Air, laptopu ya Apple yenye chipu ya M1, ile iliyotoka mwaka 2020, na moyo umeshaipenda. Uzani wake ni kilo 1.29, inaingia mkobani pamoja na kamera, na betri inakaa sana. Kwa mtu anayefanya kazi stima ikiwa imepotea, hilo si jambo dogo.

Kinachonitia wasiwasi ni joto. Haina feni kabisa. Hapo nafurahi kidogo, maana haivuti hewa ya chumvi ndani. Lakini nikitoa video ndefu wakati wa kaskazi, chumba chote kinafukuta, itajipunguza kasi yenyewe ili isipate moto kupita kiasi. Aliyewahi kuitumia aniambie: inapungua kidogo tu, au ndiyo ya kuiacha ukaenda kuswali ukarudi?

Jengine, memori yake ya 8GB haiongezeki, hata fundi awe hodari vipi. Matundu ni mawili tu ya USB-C, kadi ya kamera haina pa kuingia, kwa hivyo lazima adapta, nayo naona ndiyo itakayoliwa na kutu mwanzo.

Niichukue, au nitafute nene kidogo yenye feni na memori ya kuongezeka? Na nyinyi mlio pwani, zenu mwazikinga vipi na unyevu?